Sarafu Mbili za Crispin Vale

Mtu mzima anayepiga magoti kwenye tope Jumapili nzima, akachimbua kipete cha kufungulia kopo la soda, akakitukana, akakitia mfukoni, kisha wiki inayofuata akarudi shamba lile lile, huyo si mtu wa kuhurumiwa. Huyo ni mteja. Ndivyo alivyoona Crispin Vale, aliyekuwa akila mayai na soseji kwenye mgahawa wa kando ya barabara ya Norwich, Uingereza, huku meza ya pili wamekaa wanaume wawili wenye magoti ya matope, mashine zao za kutafutia vyuma ardhini wameziegemeza ukutani, wakioneshana picha kwenye simu.

"Vipete kumi na tisa!" alilalamika mmoja, Trevor Sculthorpe, dereva wa lori mstaafu. "Na kila kimoja mashine inaniimbia utadhani nimepata taji la malkia."

"Afadhali yako," alisema mwenzake, Colin Pask, daktari wa meno. "Mimi nimechimba futi nzima, mgongo umekufa, nikatoa karatasi ya chokoleti. Siku watakapotengeneza mashine inayojua dhahabu ni ipi na takataka ni ipi, mimi nauza gari."

Crispin aliweka uma chini. Maneno "nauza gari" yalimwingia vizuri kuliko soseji.

Hapa inafaa tumtambulishe bwana huyu, maana yeye mwenyewe hujitambulisha kwa uongo. Jina la Crispin Vale lilikuwa la mwezi huo tu. Kazi alirithi kwa baba yake, tapeli wa shamba kwa shamba, na pamoja na kazi alirithi sarafu mbili za dhahabu za miaka mia sita iliyopita, kila moja ina mfalme amesimama ndani ya meli na upanga mkononi. Hizo zilikuwa halisi. Katika maisha yote ya Crispin hakikuwapo kitu kingine halisi, na alizipenda kwa dhati. Hakuziuza hata majira yale ya baridi aliyolala kwenye gari. Mzee alipokuwa hospitalini, pumzi zimebaki chache, hakumwambia mwanawe kwamba anampenda. Alimwambia, "Zika moja. Nyingine ibaki mfukoni. Usije ukazika zote mbili." Crispin alidhani ni mambo ya ushirikina wa mgonjwa.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, alisimama mbele ya chama cha watafuta vyuma cha Great Wickering, kwenye ukumbi wa kijiji wenye harufu ya chai na koti bichi. Alijieleza kuwa ni mhandisi wa kampuni ambayo jina lake bado ni siri.

"Sikuja kuuza kitu," alisema, na wote wakasogeza viti mbele. "Nimekuja kusikiliza. Kampuni zote zinawatengenezea mashine bila kuwauliza. Mimi nauliza. Mnataka nini kwenye mashine ya kizazi kijacho?"

Usimuulize mtafuta vyuma swali hilo kama una miadi mingine siku hiyo. Walitaka iwe nyepesi, maana mabega yamekwisha. Walitaka ione futi tatu kwenda chini, izame mtoni isife, ikae na chaji siku mbili, na isipige kelele karibu na nyaya za umeme. Bwana mmoja alitaka isome tarehe ya sarafu ikiwa bado ardhini, na hakuna aliyemcheka. Zaidi ya yote, na hapa ukumbi mzima ulinguruma, isilie kwa vipete.

Crispin aliandika kila neno kwenye daftari jeusi, akitikisa kichwa kwa huzuni kila walipotaja mateso yao. Mwishoni alimgeukia mwenyekiti, Bi Winifred Gotobed, Bi Winnie kwa wote, mjane wa miaka sabini na minne, aliyewahi kuwa mpishi wa shule na bado aliangalia watu wazima kana kwamba wameiba biskuti.

"Na wewe mama? Unataka nini?"

"Isiniongopee," alisema Bi Winnie, akaendelea kupanga vikombe.

Jumapili iliyofuata Crispin alirudi na mashine. Ilikuwa bomba la plastiki lililopakwa rangi nyeusi, na kioo chenye mwanga wa kijani kilichong'olewa kwenye mchezo wa watoto. Mlio wake uliwashwa kwa kitufe kilichokuwa mfukoni mwa koti la Crispin. Aliipitisha kwanza juu ya ndoo iliyojaa vipete vya Trevor, mashine ikakaa kimya. Wanachama walitazamana, machozi karibu. Haikulia kwa vipete, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Haikulia kwa kitu chochote.

Kisha akaanza kutembea kwenye shamba la shayiri la Roger Mobbs, lililovunwa tayari, na alipofika kwenye jiwe jeupe alilokuwa ameliweka mwenyewe alfajiri, akabonyeza kitufe mfukoni. Mashine iliimba. Colin alichimba kwa pupa, futi moja chini ikatoka sarafu ya dhahabu, mfalme ndani ya meli.

Crispin aliifuta kwa kidole, akaing'ata ukingoni, akakonyeza, akasema kama alivyokuwa akisema baba yake kila mara: "Hii hata meno yangu yanaijua."

Watu walipiga makofi. Bi Winnie, aliyekuwa akimimina chai kutoka kwenye chupa, aliacha kumimina. Halafu akaendelea.

Kwa desturi ya chama, kilichopatikana ni nusu ya mwenye shamba na nusu ya aliyekipata. Crispin alimvuta Mobbs pembeni, akampa noti kadhaa kwa nusu yake, na Mobbs, ambaye hakuwahi kupata chochote kwenye shayiri isipokuwa hasara, akaenda zake akipiga mluzi. Sarafu ilirudi mfukoni. Wanachama kumi na wawili walikuwa wanauliza malipo ya awali ni kiasi gani.

"Ngojeni kwanza," alisema Bi Winnie. "Hela zenu zina haraka ya kwenda wapi? Sarafu moja mtu yeyote anaweza kubahatika. Marehemu mume wangu aliwahi kupata moja kwa kijiko cha bustani."

"Winnie, usituharibie bwana!" alisema Trevor.

"Siharibu. Nasema Jumapili ijayo tukajaribu shamba la njegere la Mobbs, lile la chini kando ya mtaro. Mashine hii ikitoa mbili, mbili kwa mpigo, chama kitanunua kumi na mbili siku hiyo hiyo, na mimi nitakuwa wa kwanza kutoa. Haya mhandisi, mashine yako inaweza au inaona haya?"

Crispin aliwatazama. Watu kumi na wawili, macho yote ishirini na manne yamelegea kwa tamaa. Alikumbuka maneno ya mzee, akayasukuma pembeni. Mzee alikuwa tapeli wa enzi za kutembea na mashine moja moja, hakuwahi kufikisha kumi na mbili.

"Inaweza, mama," alisema. "Na safari hii utaishika wewe mwenyewe. Nisije nikaambiwa nina mkono wa bahati."

Alijisifu njia nzima kwa kulifikiria hilo.

Siku ya Jumapili kulikuwa na manyunyu. Mobbs alikuja na mbwa wake, wanachama wakaja na mikate ya nyama ya nguruwe, na Bi Winnie akashika bomba lile jeusi kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua. Alitembea taratibu kando ya mtaro. Alipopita penyewe, mahali Crispin alipofukia usiku, kitufe kikabonyezwa, mashine ikaimba hadi mbwa akabweka.

Zilitoka mbili. Moja juu ya mwenzake, safi, zinang'aa kwenye udongo mweusi. Trevor alikaa chini kwenye matope bila kuulizwa. Colin alianza kutafuta kitabu chake cha hundi. Crispin alinyoosha mkono kuchukua sarafu, mdomo tayari uko wazi.

"Usiguse," alisema Bi Winnie.

Alisema kwa sauti ya kantini, na mkono wa Crispin ukarudi wenyewe. Bibi alitoa mfukoni vifuko viwili vya plastiki, kalamu na rula. Alipiga picha shimo, akapima kina, akaandika saa na mahali, akamwita Mobbs aweke sahihi kama shahidi na mwenye ardhi.

"Mama, hayo yote ya nini?" aliuliza Crispin akicheka peke yake. "Mimi na Mobbs tutaelewana kama juzi."

"Juzi ilikuwa moja. Moja ni sarafu tu. Zikiwa mbili pamoja, za dhahabu, na zimepita miaka mia tatu, kwa sheria ya nchi hii hiyo ni hazina, kijana. Hazina lazima niiripoti ndani ya siku kumi na nne, la sivyo nakwenda jela, na mimi magodoro ya jela siyawezi. Inakwenda kwa afisa wa vifo."

Kwa Waingereza, afisa anayechunguza maiti zisizoeleweka ndiye huyo huyo anayechunguza hazina. Crispin alikuwa ameliona jambo hilo la ajabu siku zote. Asubuhi hiyo, akiwa amesimama kwenye manyunyu na maneno ya baba yake yamemrudia yote kwa mpigo, aliona lina mantiki kabisa.

"Lakini... mashine ni yangu," alisema.

"Mashine ni yako. Aliyepata ni mimi. Si ulinishikisha mwenyewe?"

Wengine walikimbilia chai kusherehekea. Bi Winnie na Crispin walibaki langoni, vifuko vikiwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la bibi.

"Jumamosi ile uliniuliza nataka nini," alisema. "Marehemu mume wangu, Len, naye aliulizwa, miaka ishirini na mitano iliyopita, huko Lincolnshire. Bwana mmoja mcheshi, ana daftari jeusi. Aliing'ata sarafu, akakonyeza, akasema hata meno yake yanaijua. Len alitoa akiba yetu yote ya likizo, akapewa bomba kama hili lako. Miaka kumi na moja alitembea na bomba lile mashambani, akiamini kosa ni lake, masikio yake mabovu. Alikufa akiamini hivyo. Bomba liko bandani kwangu, ukilitaka."

Crispin aliinua ukosi wa koti lake kujikinga na manyunyu.

"Yule ni nani yako?"

"Baba."

"Nilijua. Kidevu hicho hicho." Alitoa simu, akamnyooshea. "Sikiliza, mimi si mwizi. Kama sarafu hizi zina mwenyewe, sheria inamrudishia leo leo. Inambidi tu apige simu kwa afisa na kumweleza ziliingiaje kwenye njegere za Mobbs. Namba ndiyo hiyo. Piga."

Maisha yake yote Crispin alikuwa akitafuta njia ya kusema uongo, na sasa alikuwa na jambo moja la kweli, la kwake, na hakuthubutu kulitamka. Alimwona baba yake kitandani.

"Sina wa kumpigia," alisema.

"Basi chukua mkate mmoja kabla hujaondoka. Njia ni ndefu, sijui unakwenda wapi."

Mwaka mmoja baadaye Crispin, akiwa na jina jingine, alilipa kiingilio kwenye makumbusho ya mji. Sarafu zilikuwa ndani ya kioo, juu ya kitambaa cha buluu, chini yake kadi. Ilisema kwamba zilipatikana na Bi W. Gotobed, ambaye fungu lake la zawadi iliyolipwa na makumbusho lilikinunulia chama mashine mpya kwa kumbukumbu ya mumewe. Chini kabisa mtaalamu alikuwa ameongeza: "Alama za meno ukingoni. Huenda ni za mfanyabiashara wa enzi hizo, mtu makini, akihakikisha hadanganywi."

Alisogea karibu. Alama moja pana ilikuwa ya mzee. Ile ya pembeni, ndogo, ilikuwa yake, akiwa na miaka tisa, siku aliyofundishwa kung'ata.

"Maelezo yanaeleweka, bwana?" aliuliza mlinzi kwa upole. "Kuna swali?"

Crispin alifungua mdomo ajibu. Akakumbuka kwamba ushahidi wote, yale meno, uko humo humo, akaufunga.