Kinywaji Kilichotupatanisha Bila Ridhaa Yetu

Thobias Ndahani,
Mvumi.

Kwa Bwana Afya wa Kata yetu,

Kwa umri nimekupita, kwa cheo umenipita, kwa hiyo shikamoo nimeiweka hapa katikati. Atakayeona inamhusu aichukue.

YAH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU VINYWAJI MCHANGANYIKO VISIVYO NA KILEVI

Kichwa cha habari umekisoma. Usicheke kwanza.

Mimi si mtu wa kupinga maendeleo. Togwa nimelelewa nayo. Ubuyu, ukwaju, rozela, vyote nimekunywa. Enzi zetu kinywaji kisicho na kilevi kilikuwa na adabu yake: kilikaa kwenye kikombe cha plastiki, wakanywa watoto, walokole na wenye vidonda vya tumbo. Baadaye ikaja soda. Asiyekunywa pombe akapewa soda yake, akahurumiwa, basi. Sasa Dodoma imejaa watumishi wanaotaka kuamka na vichwa vyepesi, na vijana wamechukua yale yale ya bibi zao, wakatia barafu, jani la mnanaa na mwavuli wa karatasi, wakayaita mokteli. Foleni yake, Bwana Afya, inaishinda ya pilau!

Yaliyonikuta yalitokea kwenye harusi ya binti wa dada yetu Ester, hapa hapa Mvumi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kinywaji kinadanganya. Hilda, binti wa Chang'ombe aliyeletwa kuchanganya, alitengeneza kitu anachokiita Vumbi la Makao Makuu: juisi ya zabibu zetu, ukwaju, tangawizi kali, na ukingo wa glasi umepakwa unga wa ubuyu. Kinawaka kooni kama gongo. Nikanywa, nikajua nimelewa. Miguu ikawa myepesi, nikaingia uwanjani, nikacheza mpaka koti likachanika mgongoni. Baadaye naambiwa hamna kilevi hata tone. Jamani! Basi aliyecheza vile mbele ya wakwe alikuwa nani? Mimi, na akili zangu timamu. Nani atanisafisha?

2. Mirija. Mimi na mdogo wangu Sila tulikuwa hatuongei tangu mwaka ule wa uzio wa minyaa kati ya mashamba yetu ya mizabibu. Yeye anadai nimeusogeza. Mimi nadai minyaa huota inapotaka. Wakatukalisha meza moja kwa kuwa sote ni wajomba. Glasi zikapungua, Hilda akatuwekea moja kubwa ya maharusi, yenye mirija miwili. Kiu haichagui adui. Nikavuta wangu nikiangalia kushoto, naye akavuta wake akiangalia kulia. Dada Ester akatuona, akapiga kigelegele mpaka muziki ukazimwa.

Hapa lazima nikueleze. Katika ukoo wetu, waliogombana wakinywa chombo kimoja mbele ya dada yao, ugomvi umekwisha. Mlango wa kutokea ni mmoja tu: wakiwa wamelewa, haihesabiki. Mlango huo tumeutumia vizuri. Kila mavuno tulipatana jioni kwenye kibuyu cha ujimbi, pombe yetu ya kienyeji, tukalia, tukakumbatiana. Asubuhi kila mtu akasema zile zilikuwa pombe, tukanuniana upya kwa amani. Safari hii wazee wakatunusa midomo. Wakamwita Hilda, akataja mchanganyiko wake wote bila aibu. Wakaamua kwamba hawa walikuwa wazima, kwa hiyo wamepatana kabisa. Na mimi nilishamwambia Sila, machozi yakinitoka, kwamba tangu tununiane hata mizabibu yangu ikizaa sina wa kumringia. Nilisema hivyo! Na yeye anakumbuka!

3. Madhara ya mwilini na nyumbani. Sila sasa anakuja kwangu kila asubuhi kunywa chai. Haishi maneno: chai nyepesi, kikombe kina ufa, mbuzi wangu wana kiburi cha mwenye mbuzi. Ametoboa uzio ili asizunguke. Wake zetu wanacheka jikoni, na najua wanatucheka sisi. Kibaya zaidi, kijiweni sina la kusema. Nilikuwa bingwa wa habari za ubaya wa Sila, watu wakinisogezea kiti. Juzi nikajikuta namsifu. Kiti wakampa mwingine.

4. Usalama wa taifa. Fikiria kinywaji hiki kikienea nchi nzima. Bosi atakumbuka alichoahidi kwenye sherehe. Mchumba atakumbuka. Ndugu watapatana kila wilaya, na mabaraza ya kata yatageuzwa mabanda ya kuku. Wapatanishi watakula nini?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kila glasi iandikwe, kwa herufi zinazosomeka hata na mjomba: "Tahadhari! Hakileweshi. Utakayosema ni yako." Mrija uwe mmoja kwa mtu mmoja. Na kwa kuwa hata hayo hayatoshi, Vumbi la Makao Makuu litangazwe kuwa ugonjwa wa mlipuko, nami niwekwe karantini upande wangu wa uzio.

Msalimie mama watoto na watoto, karani wako, wahudumu wote wa afya, na yule mlinzi aliyenielekeza ofisi yako huku akicheka. Mbukwenyi nyote, kama tusalimianavyo Wagogo.

Wako, mtimamu kwa kulazimishwa,
Thobias Ndahani

N.B. Bwana Afya, ngoja kwanza. Leo Sila hakuja. Chai ikapoa, nikaimwaga, nikachemsha nyingine, nayo ikapoa. Hofu ikanishika. Nikapita kwenye lile tundu la uzio mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye minyaa. Nikamkuta mzima kabisa, ameinama mezani anakuandikia wewe, ananilalamikia mimi. Tumecheka mpaka tukakaa chini. Bahasha tunayo moja, kwa hiyo barua zote mbili zimo humu. Zichane. Ila zichane pamoja, tafadhali, usizitenganishe.