Kebo Nyeupe ya Mashine ya Ndevu

Jumatatu, tarehe 3
Kipokezi kimefika! Kisanduku cha kutosha kiganjani. Unakichomeka kwenye kompyuta, unapachika antena, na programu inafanya kazi yote ya redio. Nimemwahidi Baba Mkwe kwamba Jumamosi atasikia meli. Alikuwa mwendesha redio melini miaka thelathini na moja. Jumapili anahamia kwa binti yake mkubwa, mbali na bandari. Jumamosi ndiyo nafasi pekee.

Kebo iliyokuja nacho ni fupi, nyeusi, haina sura. Nimetumia ile nyeupe ya mashine yangu ya kunyolea ndevu. Ndefu, inafika dirishani.

Taa ya kijani inawaka. Kompyuta ya mke wangu inasema hakuna kifaa. Nimezima, nimewasha. Hola.

Jumanne, tarehe 4
Nimejaribu matundu yote manne ya USB, kisha nikarudia nikianzia upande wa pili. Programu nimeifuta na kuiweka upya mara tatu. Hola.

Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi redio, alipita kuchukua sufuria ya mama yake. Akaikunjua kebo kidogo, akauliza kama ndiyo iliyokuja na kifaa. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini. Yaani, najua: aliuliza akiwa amesimama na sufuria mkononi, bila hata kuketi, kama mtu mwenye jibu tayari.

Alhamisi, tarehe 6
Nimeifungua kompyuta ya mke wangu. Skrubu tisa zilitoka, nane zimerudi. Bado inawaka, ila inanguruma. Mke wangu hajaambiwa.

Baba Mkwe kaja kuulizia. Kakaa na hedifoni zake za kazini mapajani, kazifunga kwa fulana safi. Maji yalinifika shingoni. Nikamwambia kifaa kilikuwa kizima mpaka Shemeji alipokigusa. Akaikunja fulana upya. Kisha akasema mwanawe huyo tangu utotoni ana mkono mzito, kila anachokigusa huharibika. Nikaitikia. Mungu wangu, nikaitikia!

Jumamosi, tarehe 8
Siku ya kuandikwa kwa haraka. Shemeji aliingia, akamnyooshea baba yake mkono. Mzee hakuupokea. Shemeji akautumia kujikuna shingo. Niliyaona yote hayo na nikaendelea kupanga viti.

Mke wangu akafungua droo kutafuta betri ya saa ya ukutani. Akatoka na kebo nyeusi, ingali imefungwa kama ilivyotoka dukani. Akauliza mbele ya wote hii ni ya nini, na mbona mashine ya ndevu haina kebo yake.

Shemeji akaeleza taratibu, bila kunitazama. Kuna kebo za kuchaji tu. Zinapeleka umeme, hazina nyaya za kupitisha data, kwa hiyo taa inawaka na kompyuta haioni kitu. Akabadilisha. Sekunde tatu, sauti ikatoka! Nahodha mmoja alikuwa akiomba rubani wa kumwingiza gatini. Baba Mkwe akavaa hedifoni, midomo ikimcheza, anamjibu kimya kimya. Alipozivua alimshika mwanawe mkono na hakuuachia haraka. Mimi aliniuliza tu kama chai ipo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikaa jikoni na birika mpaka chai ikapoa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye droo ya betri.

Jumapili, tarehe 9
Nimemwomba Shemeji radhi. Akasema yamekwisha. Nimeapa: uongo basi, maisha yangu yote.

Baba Mkwe ameondoka leo. Nimempa kipokezi moja kwa moja, akasikilize marubani wa ndege huko. Nimekifunga mwenyewe. Ile kebo nyeusi iliniaibisha ndani ya boksi la zawadi, mtu angesema mkwe wake ni bahili. Nimemwekea nyeupe. Kompyuta ya huko ni mpya, itaweza. Nyeusi imebaki hapa, na mashine ya ndevu inaipenda.

Ijumaa, tarehe 14
Baba Mkwe kapiga simu. Taa ya kijani inawaka, kompyuta haioni kitu. Hedifoni anazo masikioni tangu asubuhi. Akauliza kwa upole kama nilifunga kebo ileile aliyoichomeka Shemeji.

Nikasema ndiyo. Nikaongeza kwamba aliyebeba boksi mpaka kituoni ni Shemeji.