Saa Ambayo Bei Inalala

Jumatatu, 3 Machi
Supamaketi wameng'oa karatasi zote za bei. Sasa kila rafu ina vijiskrini, vinameta kama macho ya paka. Asubuhi nimeangalia kopo la maziwa ya mtoto, nikarudi nyumbani kwa basi kuchukua pesa. Kurudi, bei imepanda! Kopo lile lile! Keshia kasema si yeye, ni mashine: watu wakijaa inapandisha, wakipungua inashusha. Mashine haijazaa, ndiyo maana.

Mwanangu ana miezi mitano. Maziwa yangu yalikauka, na tumbo lake halikubali maziwa ya aina nyingine. Nimepima unga wa maziwa uliobaki koponi: vidole vitano. Kidole kimoja kwa siku.

Lakini nina mpango.

Jumanne, 4 Machi
Nimesimama mbele ya rafu tangu saa nne, mtoto mgongoni, daftari mkononi. Askari wa mlangoni kauliza kama nasubiri rafu ijifungue. Nimeendelea kuandika bei. Saa nane, jua kali, duka tupu. Kijiskrini kikapepesa. Bei chini! Nimeigundua saa yake ya kulala!

Pesa sikubeba. Niliogopa kushawishika mapema.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya chanjo. Foleni ya kliniki mpaka saa kumi. Wifi yangu alikuwepo na watoto wake pacha, akanicheka: eti nimekuwa mpelelezi wa rafu. Ilinichoma. Nikamwambia siri ya saa nane, ili aache kunicheka. Kaapa kwa pacha wake hatamwambia mtu.

Vidole vitatu.

Alhamisi, 6 Machi
Saa nane. Wanawake kumi na wawili! Utadhani kuna harusi. Wifi mbele kabisa, makopo mawili kwapani, ananipungia mkono. Kasema kamwambia rafiki yake mmoja tu. Nimeshika langu tu, kijiskrini kikapepesa. Bei juu. Pesa hazitoshi bila kugusa nauli; nimelirudisha kopo mbele ya wote.

Ijumaa, 7 Machi
Kisasi. Nimemwambia wifi bei imehama, sasa inalala saa tatu asubuhi. Uongo mtupu, na sikupepesa jicho. Kesho waende wakajazane huko, saa nane niwe peke yangu.

Kidole kimoja, nacho chembamba.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nane, peke yangu! Bei: juu kuliko siku zote.

Keshia kanieleza taratibu, kama anaongea na mtoto. Mashine inakumbuka umati wa Alhamisi, imeshaiweka saa nane kwenye saa za watu wengi. Na saa tatu asubuhi je? Kasema hiyo haikuwa na wateja wiki nzima, bei ilikuwa sakafuni. Wanawake walipofika leo walibeba wakashiba kabla mashine haijashtuka.

Nyumbani kopo linalia kama debe tupu. Nimenunua. Nauli imeishia humo. Nimerudi kwa miguu, mvua inanyesha, mtoto kifuani chini ya kanga, kopo chini ya mtoto.

Jumapili, 9 Machi
Kanyonya chupa nzima. Kalala na povu mdomoni, mkono umeshika kidole changu. Basi hasira zote zikaniisha.

Zikarudi wifi alipoingia. Kaja kunishukuru kwa ile saa tatu. Kasema wifi kama mimi hapatikani. Nimeitikia, shubiri mdomoni.

Ila jana njiani niliona jambo: mvua ikinyesha, hakuna anayetoka kwenda dukani. Hata mmoja! Mashine haitaniweza safari hii.

Nimemwambia wifi peke yake. Kaapa kwa pacha wake.