Mafuta Chini ya Kariakoo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo stoo yangu imepata hadhi. Scholastika, mtoto wa dada yangu, kanishushia kompyuta ya chuo katikati ya ndoo na mabeseni ninayouza. Kubwa kama friji dogo, inavuma kama pangaboi bovu. Bwenini kwao umeme unakatika hovyo. Kwangu kuna betri na inveta. Alijua aende wapi! Mjomba Beno, mtu aliyefika Guangzhou.

Nikamuuliza inapika nini humo ndani. Akasema inaigiza mwamba wenye mafuta chini ya ardhi. Eti watu wakichimba, mafuta mengi hubaki yameng'ang'ania mwambani. Kwanza wanayasukuma kwa maji. Yakigoma, wanaingiza bakteria kwenye kisima cha upande mmoja na kuwalisha molasi, ule uji mweusi wa kiwanda cha sukari. Bakteria wakishiba wanatoa gesi, na kitu kama sabuni, mafuta yanaachia, yanatokea kisima cha upande wa pili. Wakishiba wanafanya kazi! Watu niliowahi kuwaajiri mimi wakishiba walilala.

Akaniapisha. Inakokotoa mpaka Alhamisi jioni. Ikizimika hata mara moja, inaanza upya, na Ijumaa yeye anasimama mbele ya walimu. Hana majibu? Anarudia mwaka. Na dada Joyceline kule Masasi ameshatangaza kanisani kuwa binti ni mhandisi. Akasema mjomba, chonde, usiguse kitu. Nikamjibu anazungumza na mlinzi wa kimataifa.

Jumanne, 10 Juni

Nimegusa. Kidogo tu! Nilifuta vumbi kwenye skrini. Nikaona.

Viboksi. Mistari imenyooka, inakatana kama imepigwa rula. Nimetembea dunia, mitaa iliyonyooka hivyo naijua mahali pamoja tu. Kariakoo! Kona ya chini, kisima cha kuingizia: hapa kwangu, mtaa wa Mchikichi. Kona ya juu, kisima cha kutolea, rangi nyekundu ya mafuta imejaa tele: mtaa wa Likoma. Uani kwa Sheikhan!

Nikampigia Scholastika. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ule mwamba ni wa kubuni, haupo popote, viboksi ni vya hesabu tu. Hivyo ndivyo asemavyo mtu aliyekula kiapo cha siri! Nilisoma hadi kidato cha pili, nikaiacha shule kabla haijaniacha, lakini mimi ni mtu wa kusini. Gesi ya Mtwara iko jirani na kwetu. Harufu yake iko kwenye damu.

Halafu kwa nini iwe kwa Sheikhan? Muuza kanzu na udi, anayenishinda kila jioni kwenye kijiwe cha kahawa, tukibishana mpira, siasa, hata bei ya vitunguu. Kweli, sikukuu ya Idi aliniletea biriani. Nikala, nikaomba nyingine. Lakini mashindano ni mashindano.

Jumatano, 11 Juni

Mpango umekamilika. Nimemwambia Sheikhan tubadilishane stoo. Yangu ya barabarani, yake ya uani, ile yenye kisima cha zamani kilichofukiwa nusu na kufunikwa zege. Nikasema ndoo zangu zinahitaji hewa ya uani. Akanitazama. Akaniuliza kama nimepima malaria. Nikasisitiza. Akakubali kabla sijaweka kikombe chini. Nikamwonea huruma, maskini. Ameketi juu ya utajiri anauza ubani.

Tatizo: kompyuta haizimwi. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikakodi mkokoteni! Godoro chini, kompyuta juu, betri na inveta ubavuni, skrini inawaka mbele kama taa ya gari. Tukakatiza Kariakoo mchana kweupe. Makuli wakatupisha. Watu wakaanza kufuata mkokoteni, wakauliza mechi gani hiyo, nani anaongoza. Nikawajibu wekundu wanaongoza. Mashabiki wa timu ya Jangwani wakanuna, mmoja akataka kujua dakika ya ngapi.

Tumefika. Haijazima! Asilimia sabini.

Jioni nikabeba madumu ya molasi kutoka duka la chakula cha mifugo. Bakteria sikupata, nikachukua hamira kwa Zamda, muuza maandazi. Akaniuliza namwoza binti gani kimyakimya. Kwa utaratibu ilipaswa kumiminwa kona ya Mchikichi, lakini kule sasa ni kwa Sheikhan na hakuna kisima. Nikafupisha safari. Vyote nimemimina humuhumu, kwenye tundu la zege. Wale, washibe.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi kisima kinanguruma. Mchana zege likacheza. Halafu, pwaaa! Povu! Jeusi! Linang'aa!

MAFUTA! Nikatoka mbio hadi barabarani, nikapiga kelele mtaa mzima usikie. Nikatangaza kila mtu atapata, hakuna kusukumana, mimi si mchoyo. Wakaja na madumu, sufuria, mwingine na birika la msikitini.

Nikageuka. Povu limeshaingia stoo. Linaelekea kwenye kompyuta, nayo iko sakafuni. Asilimia tisini na sita.

Nikasahau mafuta. Naandika hili kwa kiapo. Akilini nilimwona Scholastika tu, na dada yangu kanisani anafuta tangazo lake. Umeme wa ukutani nikauzima, nisikaangwe. Nikainyanyua kompyuta, nikaitwika kichwani. Lakini betri iko chini na waya ni mfupi! Nikaita watu. Wote wanakinga povu.

Akaingia Sheikhan. Kanzu nyeupe kama maziwa. Hakuuliza. Akaikumbatia betri na inveta yake kifuani kama mtoto mchanga. Tukapanda juu ya mabeseni yaliyopinduliwa, waya kati yetu kama kamba ya mbuzi. Zamda naye akaingia, akashika skrini, akawa anatusomea. Tisini na saba. Shingo yangu! Sheikhan akaniuliza nimekifanyia nini kisima cha babu yake. Nikamweleza yote. Akaniita mwendawazimu, akaniita msiba wa mtaa, akasema nikipona atanizika mwenyewe. Huku anasogea taratibu, waya usivutike.

Tisini na tisa ilikaa muda mrefu kuliko ndoa zangu zote mbili.

Scholastika akafika saa ya magharibi. Akatukuta. Akachovya kidole kwenye povu, akalamba. Akasema mjomba, shikamoo, hii ni molasi. Nikamjibu marahaba, mafuta ghafi yana ladha nyingi. Hapo Zamda akapiga kigelegele. Mia!

Mtoto akakaa juu ya ndoo, akacheka, akalia, sijui kipi kilianza.

Ijumaa, 13 Juni

Amefaulu! Bakteria wake wametoa mafuta zaidi kuliko maji peke yake. Mwalimu mmoja aliuliza tu kwa nini binti ananukia maandazi. Dada Joyceline kapiga simu, vigelegele vya Masasi vimenitoboa sikio.

Kanzu ya Sheikhan imekuwa rangi ya chai. Nimempa beseni kubwa la kufulia. Stoo kagoma kunirudishia. Anasema ya barabarani ina hewa.

Jumamosi, 14 Juni

Scholastika kaja kuchukua kompyuta. Kaniapisha tena: hakuna mafuta Kariakoo. Nikaapa. Kwa moyo wote! Kariakoo hakuna, nilikosea kipimo.

Maana kanionyesha picha ya mwisho. Wekundu umebaki upande mmoja tu, bakteria hawakufika. Nikaiomba kwa kumbukumbu. Alipoondoka nikachukua rula. Bonde la Jangwani!

Na kule hatua ya kwanza, ya kusukuma kwa maji, mafuriko ya mvua yanaifanya kila mwaka bure!

Jioni kijiweni nikamnong'oneza Sheikhan. Akaniambia nifungwe kamba. Akanywa kahawa yake yote. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akauliza ule mkokoteni wa Jumatano tuliukodi kwa nani.

Tuliukodi, kasema! Jumatatu Zamda atuwekee hamira mapema.