Nasaba Yangu Imechorwa Kwenye Shaba

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mimi Mabruki nimezaliwa na bahati kama wengine wanavyozaliwa na kitovu. Leo mgeni wa hotelini Utende, ninakofanya kazi, mama anayetunza makumbusho huko Ulaya, kanionyesha picha za mapambo ya kale. Zilichapwa hivi: fundi anakwaruza bamba la shaba, tindikali inalila, anatia wino, anachapa karatasi. Moja ina mizabibu, tausi wawili, na katikati maandishi ya Kiarabu. Nikamwomba anitumie. Mzee Nabil wa Kanga amesema hamwozi bintiye Tasnim mpaka ajue posa yangu inatoka ukoo gani. Ukoo huo hapo, na tausi wake.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeichapisha steshenari Kilindoni, nimeitia fremu. Chuoni niliishia Juzuu Amma, lakini herufi mim naijua, na humo imo. Mim ni Mabruki. Basi ni babu wa babu yangu, Sheikh Mabruki wa Maskati, Wazungu wenyewe walimtukuza. Shamte wa bodaboda, naye anamtaka Tasnim, kaniuliza mbona sheikh kazungukwa na kuku. Nikamwambia asiye na ukoo hamjui tausi.

Alhamisi, 7 Agosti
Kanga. Shikamoo, marahaba, nimekaa jamvini, nimefunua picha. Mzee Nabil kamwita Maalim Ukasha aisome. Maalim kaitazama, kaigeuza, kasema herufi zinakwenda kinyumenyume. Shamte, aliyenileta bure (nikadhani ni wema), kachomoa kioo cha pikipiki. Maalim kasoma kiooni: Tende. Kikapu kimoja.

Fundi alinakili maandishi ya kikapu cha sokoni! Kumbe mgeni alinieleza kwamba chapa hutoka imegeuka. Mimi nilikuwa nashughulika kumwandalia pweza wake wa chakula.

Watu wamecheka mpaka kofia zikaanguka. Shamte kaniamkia: shikamoo, Bin Tende. Nikacheka na mimi, ilikuwa tamu. Mzee Nabil hakucheka. Kasema aliniridhia tangu nilipombeba mama yake mgongoni kwenda zahanati, barabara ilipokatika kwa mvua. Ukoo aliuliza asikie tu nitajibu nini. Sasa kasikia.

Ijumaa, 8 Agosti
Tasnim kanitumia ujumbe: nirudi kwa babake, niseme babu yangu alikuwa mkwezi wa minazi Bweni, mambo yataisha. Ushauri mzuri sana. Lakini mgeni anayo picha nyingine, ina simba, taji na maandishi ya Kilatini. Maalim Ukasha hasomi Kilatini. Fremu nimeshaagiza.