Uhindu kwa Nusu Saa

Jumatatu, 3 Februari

Balaa! Mbaluka amepita karakanani kwangu, hapa Buruburu, akanikuta nimeinama juu ya kazi ya Mwalimu Hansa. Hekalu dogo la mbao za mvule, la kuwekwa sebuleni: nguzo nne, kuba, milango miwili ya maua. Mwalimu Hansa anaishi Ngara. Mjane. Alifundisha baiolojia miaka mingi. Anataka kuweka humo miungu yake na picha ya marehemu mumewe, anayetimiza mwaka tangu afariki Jumatatu ijayo.

Mbaluka ni karani mstaafu na mshindani wangu. Sote wawili tunataka kufundisha darasa la watu wazima kanisani, tangu mwalimu wake, Ndeti, ahamie Machakos. Alilizunguka hekalu mara tatu. Akauliza kama siku hizi nachonga sanamu za kuabudiwa. Kabla sijameza mate, huyo, ameondoka. Miguu yake ilielekea kanisani!

Mchungaji Akech alinipigia simu muda si muda. Kwa upole. Upole wake hunitoa jasho. Ningesema ukweli: kazi ni kazi, fundi hachagui sebule. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema hicho ni kifaa cha kufundishia. Eti natayarisha somo: Uhindu, asili yake na imani zake, kwa jicho la Mkristo.

Mchungaji, mama wa watu, akafurahi mno! Kanipa Jumapili. Nusu saa nzima.

Sijui lolote kuhusu Uhindu.

Jumanne, 4 Februari

Nimeharibu ua moja la mlangoni, nikaligeuza kuwa jani. Mke wangu Kavinya anasema nimpigie mchungaji niseme sijui. Yeye haelewi mambo ya uongozi.

Nimeandika yote niyajuayo. Ng'ombe hawachinji. Diwali wanawasha taa. Chapati tulijifunza kwao. Nimesoma kwa sauti, polepole, nikikohoa hapa na pale. Dakika moja na nusu.

Mpango: nitamhoji Mwalimu Hansa bila yeye kujua anahojiwa.

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda Ngara kupima ukuta wa sebule. Niliupima mara saba, huku nikiuliza.

Nikauliza nani alianzisha dini ya Wahindi. Akavua miwani. Akasema Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini. Wako Wahindi Waislamu, wako Wakristo, wako Masingasinga. Nikaandika kiganjani: Mhindi, Mhindu. Nikajikanya nisije nikasema mahindi.

Halafu akasema Uhindu hauna mwanzilishi! Hakuna mtu mmoja aliyeamka asubuhi akauanzisha. Ulijikusanya kama mto, vijito vingi: watu wa kale wa bonde la Indus, na waliokuja kutunga nyimbo takatifu ziitwazo Veda, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Nilivunjika moyo. Nilikuwa nimejiandaa kumshinda mwanzilishi kwa hoja. Sasa nitamshinda nani?

Akanimiminia chai, akaendelea. Miungu ni mingi, lakini wengi wao huiona kama nyuso za ukweli mmoja mkuu, Brahman. Nafsi haifi. Inazaliwa tena na tena, na karma, yaani matendo yako, ndiyo huamua utazaliwa katika hali gani. Tumaini lao ni moksha, kufunguliwa kutoka katika mzunguko huo. Hapo nilielewa upesi: nafsi ni mpangaji wa mtaa wa Kware, anahama nyumba hadi nyumba, na moksha ni siku ya kutohama tena. Mwalimu alicheka, akasema amesikia maelezo mabaya zaidi ya hayo chuoni.

Kiganja kilijaa. Nikaandika hadi kiwiko. Maarifa tupu!

Kisha akaleta sambusa, akanielekeza bombani. Nikanawa. Kwa sabuni. Hadi kiwiko.

Alhamisi, 6 Februari

Nimebaki na maneno manne. Veda, Brahman, Karma, Indus. Sina hakika lipi ni mto.

Mchungaji alipiga simu kuniuliza naendeleaje. Nikamwambia niko katika utafiti mzito, na nimeonana na msomi mkubwa, Mwalimu Hansa wa Ngara. Akauliza: yule wa baiolojia? Nikasema huyo huyo. Akasema vizuri sana.

Sikuipenda hiyo "vizuri sana".

Ijumaa, 7 Februari

Tatizo jipya. Nilimwahidi Mwalimu Hansa hekalu kesho. Lakini kesho kutwa linahitajika kanisani kama kifaa. Nimempigia nikamwambia vanishi imekataa kukauka, labda ni huu unyevu, nitalileta Jumatatu alfajiri. Akasema haidhuru, mumewe pia hakuwa mtu wa kuwaharakisha mafundi.

Nikajiona mdogo kuliko msumari wa nusu inchi. Kwa dakika kumi hivi.

Jumapili, 9 Februari

Naandika nikiwa nimesimama. Siwezi kuketi kwa aibu.

Kanisa lilijaa. Hekalu lilikuwa mezani mbele, linang'aa. Mbaluka safu ya kwanza, kalamu mkononi. Nikasimama, koti limefungwa hadi juu. Nikatangaza kwamba Uhindu ulianzishwa na mzee mmoja kwa jina Veda, wa ukoo wa Brahman, aliyevuka mto Karma pamoja na ng'ombe wake. Watu wakaandika! Nikapata nguvu. Nikaongeza kwamba mkewe alikuwa Indus.

Safu ya tatu mtu akakohoa. Kikohozi cha mwalimu. Nikatazama.

Mwalimu Hansa! Amevaa sari ya bluu, ameketi kando ya Mchungaji Akech. Kumbe alimfundisha mchungaji baiolojia sekondari, na mchungaji alikuwa amemwalika "aje asikie matunda ya mahojiano".

Akaja mbele taratibu. Akapitisha kidole juu ya kuba, akakitazama kidole.

"Imekauka vizuri, fundi," akasema.

Kicheko! Hata watoto. Mchungaji akauliza kwa upole ule ule hekalu ni la nani hasa. Hapakuwa na mlango karibu. Nikasema yote: si kifaa, ni kazi ya watu; vanishi ilikauka Alhamisi; na Uhindu siujui.

Mchungaji akamwomba Mwalimu atusaidie. Naye akatupangia kila kitu, mto mahali pake, nyimbo mahali pake. Mbaluka akauliza kwa nini wanaabudu mbao. Mwalimu akajibu kwamba Mhindu haabudu mbao. Anamtafuta Mungu mahali ambapo jicho linaweza kutulia. Halafu mchungaji akasimama kando yake, akasema wazi tunapoachana. Sisi tunaamini mtu huishi mara moja, kisha hufufuliwa. Mungu alikuja katika mwili mara moja, mtu mmoja, Yesu. "Kwetu pia mtu huvuna alichopanda," akasema, "lakini tunaamini yuko aliyevuna miiba yetu. Hiyo ndiyo neema." Mwalimu akasema hata kwao wako wengi wanaoegemea rehema ya Mungu, si matendo pekee, ila hawaielezi hivyo. Hawakukubaliana. Wakashikana mikono. Somo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia, na mimi nilikuwa nimeegemea spika kama mfagio.

Wanaume wakalibeba hekalu hadi kwenye gari lake. Mbaluka alishika mbele. Kabla ya baraka, akatangazwa mwalimu mpya wa watu wazima.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda Ngara kulifunga ukutani. Bure, nilikataa malipo ya usafiri. Mwalimu Hansa akawasha taa ndogo, akaweka picha ya mumewe. Mtu wa masharubu, anatabasamu. Hakunikaripia. Akaniuliza tu: "Na mama yako, fundi, alikwenda wapi?"

Mama alifariki Agosti, na Jumatano nilikuwa nimemdokezea. Nikasema yuko kwa Bwana, nitamwona siku ya ufufuo. Nilikuwa nimelisema hilo kwa watu mia mazishini, bila shida. Mbele ya taa ile sauti ilikatika. Akanipa kitambaa, akageuka kupanga maua ambayo yalikuwa yamekwisha kupangika.

Nilirudi kwa miguu hadi Pangani kabla ya kukumbuka kupanda gari. Nimeapa: sitasema tena najua nisichokijua. Kavinya ni shahidi.

Jumapili, 16 Februari

Mbaluka amefundisha kwa mara ya kwanza. Wastani. Mwishoni mchungaji akauliza kama yuko yeyote anayejua Kigiriki, ili asaidie darasa kusoma Agano Jipya katika lugha yake ya kwanza. Mbaluka akatazama viatu vyake.

Mkono wangu ukapanda wenyewe! Kavinya aliuvuta, ukapanda mwingine.

Naanza Jumapili ijayo. Sina wasiwasi. Alfa ninayo. Omega ninayo. Zilizo katikati haziwezi kuwa nyingi.