Kambere Aliyefunga Bao

Jumanne, 12 Juni 2001. Butembo.

Élisée, jirani yangu mbishi, ameniharibia siku. Amesimama mbele ya duka langu la sabuni, watu wakisikia, akasema mjini Beni wamefungua makumbusho ya mpira na picha ya mechi ya 1978 imo. Jumatatu atakwenda kuhakikisha kama kweli mimi ndiye Kambere aliyefunga bao letu la pekee.

Si mimi. Nakiri humu tu. Mimi ni mtoto wa pili wa kiume, na kwetu Wanande kila wa pili ni Kambere. Ukiita jina hilo sokoni, watageuka arobaini. Aliyefunga ni Kambere wa Vuhovi, na miaka mingi hajaonekana mjini. Bao lilikaa tu bila mwenyewe. Nikalichukua, nimelitunza miaka ishirini na tatu. Ndilo lililonipatia mke wangu Katungu, na kiti cha mbele kila mechi ya mtaa.

Lazima nifike Beni kabla ya Élisée.

Jumatano, 13 Juni.

Mpango tayari. Nimepata sokoni kiatu kikuukuu cha mpira, cha kulia. Nimekining'iniza juu ya moshi wa jikoni kizeeke. Nitakitoa zawadi kwa makumbusho, wataandika kadi yenye jina langu kamili. Élisée akija ataisoma, atanyamaza.

Katungu ameuliza kwa nini maharagwe yananuka soksi. Nimesema ni kuni. Amesema pia nisisafiri: barieri za barabarani zimeongezwa, askari wanamtafuta mkubwa mmoja wa watu wa msituni. Jina hajalisikia. Mimi ni muuza sabuni, watanitakia nini.

Alhamisi, 14 Juni. Beni.

Barieri tano. Nilikaa juu ya magunia ya viazi kwenye lori la Asumani, dereva asiyeweza kutunza siri hata ya mama yake. Kila barieri walisoma kitambulisho changu, wakanitazama, wakasoma tena. Kwenye ya nne askari alimwita mwenzake asome naye. Nilikumbatia kiatu.

Makumbusho ni chumba kimoja nyuma ya kanisa. Mwenyewe ni Mzee Syauswa, mwamuzi wa zamani, mtu asiyesahau hata rafu moja. Alinionyesha mpira wa majani makavu ya migomba, jezi ambazo mama zetu walishona kwa magunia ya unga, na benchi la wasimamizi wa shamba la kahawa enzi za Wabelgiji. Alisema wale walitoa mpira kila Jumapili ili vibarua wasikusanyike kusema siasa. Vibarua wakakusanyika kwa ajili ya mpira, wakasema siasa. Nikacheka kwa adabu, nikatoa kiatu.

Alikigeuza. Akakinusa. Kisha akanipeleka kwenye picha. Mfungaji amebebwa mabegani, uso umezibwa na mkono wa mwenzake. Nikafurahi. Lakini miguu inaonekana yote. Timu nzima ilicheza peku.

Jambo kama hilo nililisahau vipi! Mzee hakunikaripia. Alinirudishia kiatu kwa heshima, na heshima hiyo iliniuma. Kwa hasira nikachukua kitabu cha wageni, nikaandika kwa herufi kubwa: KAMBERE, MFUNGAJI WA BAO LA 1978. Élisée ataliona hilo.

Ijumaa, 15 Juni. Mavivi, kambi ya uwanja wa ndege.

Askari wameliona kwanza.

Walinikamata asubuhi nikinywa chai. Mtu wanayemtafuta ni yule Kambere wa Vuhovi. Siku hizi anaongoza watu wenye bunduki msituni. Hawana picha yake; wanajua tu kwamba zamani alifunga bao. Komanda akasema kwa upole: "Kumbe njo weye Kambere wa goli. Miezi tatu tunakutafuta." Kesho ndege itanichukua. Waliochukuliwa na ndege hiyo hawajarudi.

Naogopa sana. Shajara hii nimeificha ndani ya soksi, naandikia chooni. Ukurasa wa Jumanne ungeniokoa. Lakini komanda angeusoma kwa sauti, na Asumani yuko uani, ananisubiri na lori. Kesho kutwa Butembo nzima ingejua. Nimewaza saa nzima, kufa au aibu. Nimeamua kungoja kidogo.

Jumamosi, 16 Juni.

Mzee Syauswa amekuja kwa miguu na picha nyingine, ya kabla ya mechi. Pembeni kabisa kuna kijana mwenye beseni, masikio kama mikono ya sufuria. "Huyu alikuwaka mubeba machungwa," alisema. "Mwenye kufunga ni mutu mwingine kabisa." Komanda alipima masikio yangu kwa macho. Akasema masikio ya hivyo ni mengi. Akaagiza mpira.

Askari mmoja akasimama golini, kati ya madumu mawili. Nikifunga, ndege. Nikikosa, nyumbani.

Mtu angedhani kukosa ni kazi rahisi. Lakini Asumani alikuwa akitazama, na kipa alikuwa ameegemea upande wa kushoto, amezubaa. Nikaona nafasi. Mungu anisamehe, nililenga.

Mpira haukusogea. Kiatu changu kiliruka, kipa akakidaka, nami nikaanguka chali. Komanda alicheka mpaka akakaa chini. Akasema niende. Ndani ya lori nililia njia nzima, na sikujificha.

Jumapili, 17 Juni. Butembo.

Baada ya misa tulikaa kilabuni kwa Emérence, tukinywa kasiksi, pombe ya ndizi. Asumani alikuwa ameshasimulia yote. Élisée akaniuliza, kwa sauti, bei ya machungwa.

Nilisimama. Nikaeleza kwamba Mzee Syauswa alidanganya ili kuniokoa, na kwamba nilikosa kwa makusudi. Ni nani awezaye kukosa vile mbele ya bunduki, kama si mfungaji wa kweli? Élisée akalipia kikombe changu. Siku tamu kuliko zote za maisha yangu.

Wageni wawili, buti safi za kijeshi, walinisogelea. Waliuliza kama kweli ndiye mimi. Walikuwa na daftari. Nadhani ni watu wa redio. Nimewaandikia jina lote kwa herufi kubwa, na njia ya kufika nyumbani.

Katungu anaita, amekuja mbio kutoka dirishani. Anasema kuna gari mlangoni. Watu wa redio wana haraka kweli. Ngoja nichukue kile kiatu.